Komenti mpya za Word: jinsi ya kufanya kazi nazo bila kupoteza ulichoandika

Tuanze na hili maana ndo kila mtu analiuliza: ule mtindo wa zamani wa komenti, yaani yale maoni unayoandika pembeni ya maandishi kwenye Word, haurudi. Kwa wanaotumia Word ya kulipia kila mwezi au kila mwaka mabadiliko yalianza kuwafikia 2021, na mwanzoni kulikuwa na kisanduku ndani ya File, halafu Options, halafu General, ukitoa tiki unarudi kwenye mtindo wa zamani. Kisanduku kile kilikuwa cha muda tu na kimeshaondolewa, ila maelekezo yake bado yamejaa mtandaoni, mtu anasoma anaenda kutafuta nusu saa nzima hakioni anadhani laptopu yake ndo mbovu. Sio mbovu. Acha kutafuta, tuzoeze mikono kitu kipya.

Mimi nahariri tasnifu na tafsiri, siku nyingine naweka komenti mia na zaidi kwenye faili moja, kwahiyo haya nayasema kwa kuwa nayafanya kila siku.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni kutuma. Zamani ulikuwa unaandika komenti, unabofya popote kwenye ukurasa, basi imekaa. Sasa hivi komenti ni kama meseji ya simu, usipoituma haijaenda, anayeiona ni wewe tu. Kuna kitufe chenye kindege cha karatasi pale chini ya komenti, hicho ndo cha kutuma. Kuna binti nilimrudishia sura ya tatu, nikamwambia kwa simu aangalie sana nilichoandika kwenye jedwali la pili, akanijibu "Shikamoo kaka, nimefungua mara mbili, kwenye jedwali sioni komenti yoyote." Nilikuwa nimeandika aya nzima pale, nimeandika kwa kufikiri kabisa, sikuituma. Ilibidi nikae niiandike upya na haikutoka vizuri kama ile ya kwanza.

Kwahiyo usitegemee mausi, tumia kibodi. Chukua sentensi kama "Wavuvi wa Bagamoyo wamepungua kwa nusu" na mwandishi hajaonyesha chanzo. Unachagua "kwa nusu", sio sentensi nzima, unabonyeza Ctrl+Alt+M, unaandika "hii nusu umeitoa wapi? weka chanzo na mwaka", unabonyeza Ctrl+Enter, halafu Esc kurudi kwenye maandishi. Kwenye Mac kutuma ni Command+Enter. Fanya hivyo komenti ishirini za kwanza polepole hata kama inakera, ya thelathini vidole vyenyewe vitakuwa vinaenda. Na kabla hujamtumia mtu faili pitia zote kutoka juu mpaka chini uone kama kuna ambayo bado ina kile kindege, ikiwepo itume.

Komenti ndefu, yaani ya mistari kumi na kuendelea, mimi siandikii mle tena. Naandika Notepad kwanza au kwenye faili jingine la Word, nikiridhika nakopi napesti natuma. Hapo hata umeme ukikatika maneno yangu ninayo.

Pili, mahali pa kuzisomea. Zikiwa nyingi pembeni ya ukurasa zinabanana, ndefu zinakatwa mpaka ubofye uone zilizobaki, unapoteza mtiririko kabisa. Nenda Review, kwenye Show Comments chagua List, zote zinakaa upande wa kulia kwa mpangilio unazishusha moja moja. Shida yake inakula nafasi, na kwa laptopu ndogo ukurasa unabaki kijisehemu. Hapo bonyeza Ctrl+F1 ile menyu ya juu ijifiche, funga na kile kidirisha cha vichwa vya habari upande wa kushoto kama kimefunguka, halafu View, Page Width. Utaona umepata pumzi.

List inakusaidia na jambo lingine. Komenti ikishafanyiwa Resolve, yaani ikiwekewa alama kwamba imeshughulikiwa, inatoweka pembeni ya ukurasa na watu wanapaniki wakidhani imefutwa. Haijafutwa, ipo kwenye ile orodha, ukitaka unaifungua tena mnaendelea kujibizana.

Tatu, huwezi tena kuhariri komenti ya mtu mwingine, na hili ndo linaniuma zaidi. Kwa wanaofanya kazi wawili watatu, mkubwa alikuwa anapita kwenye komenti za msaidizi wake, anarekebisha tahajia, analainisha neno kali kabla mwandishi hajaona. Sasa haiwezekani, kila mtu anahariri zake tu. Tulichokubaliana sisi ni kwamba msaidizi anaweka zake, mimi namjibu pale pale "lainisha hii" au "futa", anarudi anarekebisha mwenyewe, ndo faili linatoka. Inachukua siku moja zaidi. Ukiwa na haraka futa komenti yake uiandike kwa jina lako, ila mwambie, sio akute kazi yake haipo.

Pia punguza unachokiweka kwenye komenti. Kama ni herufi au neno la kubadilisha, washa Track Changes, ile inayoonyesha kila ulichobadilisha, badilisha kwenye maandishi yenyewe, mwandishi atakubali au atakataa. Komenti iwe ya maswali na hoja.

Kama mwenzako anatumia Word 2016 au 2019 bado anaona mtindo wa zamani, kwahiyo msibishane kwenye simu "mimi naona hivi", faili ni lile lile. Ila msishawishike kurudi huko kwa ajili ya komenti tu, matoleo hayo mawili yaliacha kupata apdeti za usalama Oktoba 2025.

Wenye wasimamizi wanaosoma kwenye karatasi, ukienda kuprinti angalia kwenye Settings kama Print Markup ina tiki, bila hiyo komenti hazitoki.

Na kama umejaribu yote haya mwezi mzima roho bado inakataa, weka LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, ni ya bure na inafungua faili za docx, yaani za Word. Komenti unaweka kwa Ctrl+Alt+C, ukimaliza unabofya pembeni imekaa, hakuna kutuma, na kwenye kuprinti unaweza kuchagua komenti zikae pembeni au mwisho wa faili. Ila jaribu kwanza na nakala, sio faili lenyewe, hasa kama lina majedwali mengi, maana majedwali na nafasi za mistari huwa zinaweza kusogea ukirudi Word.