Jinsi ya kujua kama chini ya shamba lako kuna tabaka gumu linalozuia mizizi

Wadau wa Muheza na Korogwe mliokodi mashamba yaliyokuwa ya mkonge, kabla hujaongeza mbolea angalia chini kwanza. Mahindi yakinyauka siku chache tu baada ya mvua, au maji yakituama wakati shamba halina bonde, shuku tabaka gumu.

Subiri siku moja mbili baada ya mvua ya masika, maana udongo ukiwa mkavu kila sehemu itaonekana ngumu utajidanganya bure. Chukua nondo nyembamba uisukume kwa mikono bila kugonga, ikishuka vizuri halafu ghafla ikagoma weka alama upime kina, rudia sehemu kama kumi. Ikigoma kati ya sentimita 15 na 30 karibu kila mahali mara nyingi ni plau hilo, linapita kina kilekile kila mwaka.

Sasa chimba shimo la nusu mita, na hapa naomba usiwe na haraka. Kwaruza ukuta kwa kisu kutoka juu kwenda chini, mkono wenyewe utakwambia kisu kinapokwama. Tazama mizizi, iliyokunja kama herufi L imegonga tabaka hilo gumu. Bandua bonge, likaushe, litumbukize kwenye maji: likimomonyoka ni udongo ulioshindiliwa tu, ripa (jembe la trekta lenye meno marefu ya kupasua chini) inaufungua, likibaki kama jiwe limegandishwa na chokaa au chuma.

Unataka namba ya jinsi udongo ulivyoshindiliwa? Gongomea kopo lenye ujazo unaoujua, kausha udongo wake kwa nyuzi 105, gawanya gramu kwa ujazo wa kopo kwa sentimita za ujazo. Mfinyanzi ukizidi 1.47 mizizi inakwama, mchanga ni kwenye 1.8.