Mambo ya kuzingatia kabla ya msimu wa korosho kwa mwenye soriasisi

Msimu wa korosho kwetu Mtwara huanza Oktoba, na mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba, anayengoja magunia yafike uani ndipo ajiandae amekwisha kuchelewa. Hakikisha kwanza kwamba ni soriasisi kweli, kwa kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Magamba ya viwikoni, magotini na kichwani hudhaniwa kuwa fangasi, na wengine huyadhania ukoma. Tena kwenye ngozi nyeusi doa huwa la zambarau au la kahawia iliyokolea, si jekundu kama picha nyingi zinavyoonyesha. Ugonjwa huu hauambukizi. Ni kinga ya mwili inayoichochea ngozi kuzaliana upesi, hata ile kazi ya takriban mwezi mmoja ikafanyika kwa siku chache. Hauna dawa ya kuumaliza, lakini hutulizwa.

Weka akiba ya dawa ya kupaka na mafuta ya mgando. Krimu kali usinunue kwa kuelekezwa na jirani, na uliyopewa na daktari usiiache ghafla. Anayemeza methotreksati, dawa ya kutuliza soriasisi, ameze mara moja kwa wiki kama alivyoandikiwa, kamwe si kila siku, na anayetarajia kubeba mimba amwambie daktari mapema. Uraka uachwe, kwa kuwa pombe huuchochea ugonjwa, na pamoja na dawa hiyo huumiza ini.

Jambo ambalo mimi sikuambiwa ni kwamba ngozi yetu sisi wenye soriasisi ikijeruhiwa, doa jipya la soriasisi linaweza kuota palepale, mara nyingi baada ya siku 10 hadi 20. Daktari Heinrich Köbner wa Ujerumani alilieleza hilo tangu karne ya 19. Mimi nilijifunza Tandahimba, nikimsaidia shangazi kubangua korosho. Tulijipaka majivu viganjani ili mafuta makali ya ganda yasituunguze, lakini kwa sababu ya joto nilikunja mikono ya shati. Ganda moja lilipopasuka, mafuta yake yaliteremka kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, mstari mwembamba wa kahawia, nami nikaufuta kwa kanga nikaendelea na kazi. Usiku paliwaka moto, asubuhi pakawa na malengelenge, na baada ya siku chache ngozi ikabanduka nikadhani yamekwisha. Wiki ya pili mstari uleule ulinyanyuka ukajaa magamba meupe, kwa urefu na upana uleule. Shangazi naye alikuwa ameungua siku hiyohiyo, na kwake palibaki weusi tu. Aliushika mkono wangu akauliza, "Mwanangu, hapa si ndipo yalipopita mafuta?" Doa hilo lilinikaa miezi saba.

Kwa hiyo nunua glavu nzito kabla ya Oktoba, vaa mikono mirefu hata jua likiwa kali, na mafuta yakikugusa osha kwa sabuni papo hapo. Kazi ya kubangua ukiweza kumwachia mwingine, mwachie bila haya. Magamba usiyabandue kwa kucha. Koo likiuma katibiwe, na viungo vikikaza asubuhi mweleze daktari, kwa kuwa soriasisi hushambulia viungo pia. Kinyozi awe na mkono mwepesi, na kiatu kinachochubua kisivaliwe hata kama ni kipya.