Kupiga picha magofu ya Kunduchi bila kuyaumiza

Mgeni atakayefuata ataiga picha yako: ulipokanyaga, ulipoegemea, ulipokaa. Ndiyo maana picha ya mtu aliyekalia kaburi ina madhara zaidi kuliko makalio yake.

Magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yana msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyoongezeka baadaye. Nguzo za makaburi zilipambwa kwa sahani na bakuli za kauri za China zilizopachikwa kwenye lipu. Sehemu nyingi sasa vimebaki vishimo vya mviringo, vyombo viling'olewa.

Anza kwa mlinzi wa eneo, na usiende peke yako. Vaa kwa heshima, maana hapo wamelala watu.

Mwanga ndio kazi yenyewe. Nakshi huonekana jua likipita ubavuni mwa ukuta, si likiupiga usoni. Kwetu kibla iko karibu kaskazini kabisa, hivyo makaburi yamelala mashariki-magharibi na mbavu zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Juni na Julai, fika kabla ya saa 1 asubuhi upige ubavu wa kaskazini. Kufikia saa 2:30 vivuli vya nakshi vimeanza kufifia. Upande wa ndani wa ukuta wa kibla hutazama kusini, kwa hiyo miezi hiyo unabaki kivulini. Subiri Desemba hadi Februari. Masika usiende kabisa: lipu imelowa, ardhi inateleza, na mtu akiteleza hushika ukuta.

Kamera iwe ISO 100 (unyeti wa mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), na kasi ya karibu 1/125 ya sekunde jua likiwa bado chini. Kosa la kawaida ni kaburi jeupe katikati ya kichaka cheusi: kamera hupima kichaka, na chokaa inaungua ikawa doa tupu lisilo na nakshi. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu, yaani kipimo cha mwanga cha kamera. Kwenye simu, gusa sehemu nyeupe kabisa kisha shusha mwangaza. Kwa nguzo, rudi nyuma utumie lenzi ya milimita 50. Lenzi pana iliyoinuliwa juu huifanya nguzo ionekane inaanguka.

Sasa mikono. Ukipitisha kidole kwenye lipu, unga mweupe unabaki kidoleni; unga ule ndio ukuta wenyewe. Lipu ikipasuka, mvua hupenya kwenye vitundu vya matumbawe, chumvi ya bahari hukauka humo na kulipasua jiwe kutoka ndani, kisha mizizi ya miti inafuata ufa. Mgeni mmoja huondoka na unga kidogo. Mabasi mawili kila Jumamosi huondoka na nakshi. Kwa hiyo begi liweke chini kwenye udongo, kwani kifungo chake cha chuma hukwaruza ukuta. Stendi ya kamera iwe na mipira miguuni na isisimame juu ya sakafu ya chokaa. Usiyamwagie maandishi ya makaburini maji wala kuyapaka chaki ili yasomeke. Tochi iliyoshikwa ubavuni inatosha. Kishimo cha sahani kipige kwa lenzi ya milimita 100 ukiwa mita moja na nusu.

Droni haipai bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na ukimalizia mjini kwenye Boma la Kale, lililojengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, usielekeze kamera kwenye kivuko, bandari wala Ikulu.

Kabla ya kurusha picha mtandaoni, futa zote zenye mtu juu ya kaburi, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Mwisho piga moja ya kumbukumbu: simama mbele ya ufa mmoja, rula ya sentimita 30 ishikwe kando bila kugusa ukuta, andika tarehe na uliposimama. Mwaka ujao piga palepale. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja, mhifadhi wa mambo ya kale ataona ufa umekua milimita ngapi.