Kabla ya kuwekewa mrija wa kemo, tazama kwanza bafu lako

Mama mdogo alipofika mzunguko wa tatu wa kemo, yaani dawa za saratani, mishipa ya mikono ilikuwa imekimbia. Kila kanula, kile kimrija cha kuingizia dawa mkononi, ilikuwa vita. Daktari akasema sasa awekewe mrija wa mshipa mkubwa, nasi nyumbani tukauliza bei. Ni swali la haki, lakini halikupaswa kutangulia peke yake.

Sababu ya mrija si mishipa iliyochoka tu. Dawa kama doksorubisini na vinkristini zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwenye mshipa mkubwa unaoingia moyoni damu ni nyingi, dawa inachanganyika haraka. Mirija yote ya namna hii huishia hapo. Hutofautiana inapotokea mwilini.

Uitwao PICC hutokea mkononi, juu ya kiwiko. Huwekwa kwa ganzi na hukaa wiki hadi miezi. Uitwao Hickman hupitishwa chini ya ngozi ya kifua, mkia wake ukabaki nje, na huweza kukaa muda mrefu zaidi. Porti, kichemba kidogo kilichounganishwa na mrija, huzikwa yote chini ya ngozi. Unachoona ni kivimbe cha ukubwa wa kizibo cha soda, na muuguzi huichoma kwa sindano yake maalumu. Ila kuiweka ni upasuaji mdogo, na kuitoa ni mwingine.

Sasa njoo nyumbani, maana kwangu mimi uamuzi uko hapa. Mrija wenye mkia nje haupatani na maji. Sisi tuko Mbagala, tunaoga kwa ndoo na kopo. Mama mdogo alikuwa na PICC, basi kila asubuhi nilimzungushia mkono mfuko wa plastiki, nikaubana juu na chini, akauinua na kuushikiza ukutani nami nikimmwagia upande wa pili. "Mwanangu, umebana vizuri?" Aliuliza kila siku. Na mwezi wa Januari, jasho peke yake liliibandua plasta inayofunika tundu la mrija kabla ya siku 7 za kuibadilisha. Plasta ikilowa au kuachia, hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo uliza mapema: nani ataibadilisha, na wapi?

Mgonjwa anayetibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, lakini kwao Kigoma, swali hilo ni zito zaidi. PICC husafishwa ndani kwa maji ya chumvi ya hospitali walau kila wiki. Porti isiyotumika husubiri wiki 4 au zaidi, na kidonda kikipona unaoga kama kawaida. Ulizia kama hospitali ya wilaya yenu ina muuguzi anayejua kazi hii na vifaa vyake.

Mwambie daktari, hata asipouliza, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, umewahi kupata damu kuganda mguuni, una ugonjwa wa figo au kifaa cha mapigo ya moyo, au umeondolewa titi na tezi za kwapa, na ni upande gani. Utapimwa damu. Uliza kama ufunge kula. Siku yenyewe vaa blauzi ya vifungo. Kama ni porti, mwonyeshe daktari kamba ya sidiria na mkanda wa gari hupita wapi, isije ikakaa chini yake.

Nunua kipimajoto kabla. Hapa mjini homa ikipanda tunasema malaria, tunakwenda duka la dawa. Mwenye mrija na kemo akifika nyuzi 38, au akitetemeka baada ya mrija kusafishwa, anakwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mkono au shingo ikivimba, vivyo hivyo. Mrija ukikatika, ubane kati ya mwili na palipokatika, ukimbie.

Namba ya wodi tuliiandika kwa maka nyuma ya mlango, na chini yake namba ya kijana wa bajaji aliyekubali kuamshwa usiku.