Kabla Kiinua Mgongo Hakijaingia Benki

Mstaafu ambaye mafao yake yameingia jana hakosi washauri. Mwenye kiwanja atakuja, mwenye basi bovu atakuja, na shemeji mwenye mradi wa kuku atawatangulia wote. Ndiyo maana mpango wa hisa na hatifungani (fedha unayoikopesha serikali, nayo ikakulipa riba) hupangwa ukiwa bado kazini, miaka kadhaa kabla ya ile 55 ya hiari au 60 ya lazima.

Anza na mfuko wako wa pensheni, NSSF au PSSSF. Chukua taarifa ya michango uhesabu mwenyewe: pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, na mwajiri aliyeruka michango ni rahisi kumbana ukiwa bado unaingia ofisini kwake. Majina ya NIDA na ya mfuko yafanane herufi kwa herufi. Juma akiwa Jumaa kwenye fomu moja tu, mafao yanakaa.

Kisha tenga matumizi ya mwaka mzima, yasiguse hisa wala hatifungani. Benki inatosha, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja.

Sasa hatifungani za serikali, ambazo wastaafu wengi wanazipenda, na kwa haki. Zinauzwa kwa mnada wa Benki Kuu kupitia benki au dalali, kuanzia shilingi milioni moja. Kuponi, yaani riba yake, hulipwa mara mbili kwa mwaka: milioni 10 kwa asilimia 12 ni 600,000 kila miezi sita. Ukinunua minada ya miezi tofauti, malipo hayaji yote kwa mpigo, na moja unaweza kulilenga Januari, ada za shule zinapobana. Ila piga hesabu ya umri. Ya miaka 25 ukiinunua una miaka 58, mtaji unarudi ukiwa na 83. Kuuza kabla inawezekana, lakini bei huamuliwa na kuponi za wakati huo. Ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata zikaja za asilimia 12.56. Aliyeshika za zamani akawa na mali inayotafutwa. Mambo yakigeuka, wewe wa kuponi ndogo ndiye utakayeuza kwa hasara.

Kuponi haipandi bei ya unga ikipanda. Hapo ndipo hisa zinapata nafasi yao, kwa sehemu ndogo tu, na kwa fedha usiyoihitaji miaka mitano ijayo. Soko la Dar es Salaam ni dogo: hisa za CRDB au NMB zina wanunuzi, lakini ziko kampuni ambazo hisa zake unaweza kuziweka sokoni zikakaa bila mteja. Muulize dalali hisa za kampuni hiyo zinauzwaje kwa kawaida, kabla hujamuuliza gawio. Na anayekuahidi faida ya kila mwezi kwenye hisa, mwache aende zake.

Jambo ambalo familia nyingi hulijua msibani: akaunti ya hatifungani iko Benki Kuu, ya hisa iko kwenye hifadhi ya soko la hisa, na hazijuani. Mwandikie mwenzi wako namba zote mbili na simu ya dalali, karatasi ikae pamoja na wosia, ili msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama ajue pa kuanzia.