Pikipiki ikilala, betri isife

Masika yakianza hapa Tanga, pikipiki nyingi hufungiwa uani mpaka njia za shamba zikauke. Mwenyewe akirudi, stata haijibu.

Chomoa waya wa hasi kwanza, ule mweusi. Ukianza na wa chanya na spana ikagusa fremu, cheche zitaruka. Alamu hunyonya umeme usiku na mchana hata ukizima swichi, kwa hiyo kuchomoa tu umeshaokoa mengi.

Sisi wa Raskazone, kando ya bahari, tuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Kagua vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya magadi soda. Tafadhali yasipenye ndani ya betri! Futa pakauke, paka grisi.

Kisha pima kwa mita ya volti. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa, husoma 12.6 hadi 12.8. Ikishuka chini ya 12.4, ichaji. Chaja kubwa ya gari iache: betri ya Ah 5 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) inatosheka na ampea 0.5. Chajia penye hewa, mbali na moto na sigara, maana hutoa hidrojeni. Kama ni ya kujaza maji, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, yasipite alama ya juu.

Kuwasha injini dakika tano halafu kuzima hakurudishi umeme uliokwisha liwa na stata. Pima kila mwezi.