Kuuza chakula kwenye karnivali za London: ua wa mtu si leseni

Kila kiangazi kinapokaribia, makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa London hujaa matangazo ya nafasi za kuuzia chakula katika sherehe za Wakaribi na Waafrika Magharibi, kuanzia zile ndogo za mitaani hadi karnivali ya Notting Hill, inayofanyika Jumatatu ya mwisho ya Agosti na Jumapili inayoitangulia. Soko lipo kweli. Foleni ya kuku wa kuchoma wa Kijamaika ikizunguka kona, na ya jollof, ule wali wa nyanya wa Afrika Magharibi, ikiwa vivyo hivyo, hata Mghana mwenye msimamo kuhusu jollof yake hununua mshikaki. Wa kumwogopa ni yule anayekukodisha mahali pa kusimama.

Mtego ulioninasa mimi, katika sherehe ya mtaa mmoja kusini mwa jiji, ni huu. Dalali, tena mwenzetu kwa lugha, alinikodisha ua wa mbele wa nyumba iliyo kando ya njia ya maandamano, akinihakikishia kwamba kwa kuwa ua ni mali ya mtu binafsi, leseni ya halmashauri haihitajiki. Maneno hayo humwingia kirahisi mtu aliyezoea kuweka jiko la chipsi barazani kwa mjomba, lakini katika sehemu kubwa ya London sheria ya mwaka 1990 inahesabu kuwa ni barabara hata eneo la wazi lililo ndani ya mita 7 kutoka njia ya magari au ya waendao kwa miguu, ikiwa watu huingia hapo bila kulipa, na anayeuza barabarani lazima awe na leseni. Maofisa walifika mkaa ukiwa ndiyo kwanza umeshika, wakafunga biashara, na nyama iliyolala kwenye viungo usiku kucha ikagawiwa majirani bure. Dalali hakupokea simu tena, na fedha nilizokwisha kumhamishia kwenye akaunti yake binafsi hazikurudi.

Narudia: ua wa mtu si leseni. Ruhusa ya mwenye nyumba si leseni. Risiti ya dalali, hata ikiwa na nembo ya karnivali, si leseni. Kabla ya kutoa paundi moja, dai namba ya leseni, kisha uihakiki mwenyewe katika idara ya leseni ya halmashauri husika, ukikumbuka kwamba eneo la Notting Hill limegawanyika kati ya halmashauri mbili, Kensington and Chelsea na Westminster, na kibali cha upande mmoja hakivuki mpaka. Huku hakuna kuongea vizuri na mgambo. Ofisa atakusikiliza kwa adabu zote, kisha ataandika.

Mengine ni mepesi. Biashara ya chakula husajiliwa bure katika halmashauri angalau siku 28 kabla ya kuanza, na mteja lazima aweze kuelezwa kama chakula kina chochote kati ya vizio 14, yaani viambato vinavyoweza kuleta mzio, vilivyotajwa na sheria.

Nanyi shangazi zetu mlioko nyumbani, msimhimize mtoto aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi afungue kibanda chake ili alipe karo. Viza hiyo haimruhusu kujiajiri, hata kwa siku moja ya sikukuu, na faida ya sambusa haifidii viza iliyofutwa.

Karnivali ya Notting Hill nayo ina historia yake. Claudia Jones, mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, aliandaa karnivali ya ukumbini huko St Pancras Januari 1959, miezi michache baada ya Wakaribi wa Notting Hill kushambuliwa na makundi ya vijana weupe. Sherehe za barabarani zikafuata mwaka 1966. Hadi leo wenye nyumba na maduka hupigilia mbao madirishani kila Agosti, ilhali muziki wa karnivali hiyohiyo hutumiwa kuitangaza London kwa watalii. Mwingereza hakukatazi sherehe yako, hukupa fomu. Hata hivyo, nadhani Wakaribi wana haki ya kutukunjia uso sisi tunaotokea siku ya mauzo tu na kutoonekana kwenye vikao vya maandalizi, ambako, kwa bahati mbaya yetu, ndiko nafasi halali hutangazwa mapema.

Leseni ikishapatikana, fikisha vyombo kabla barabara hazijafungwa, na beba chenji, kwa sababu mtandao wa simu huelemewa na umati na mashine za kadi hugoma.